Chupa ya Babu na Mchawi wa Kunguru

Nianze na aibu yangu kabisa tumalizane nayo. Mwaka jana nilifuta video. Wengine wenu mliniuliza kwenye komenti iko wapi, nikawajibu simu imeharibika. Simu haikuharibika. Niliogopa.

Ile video ilikuwa na swali moja tu: waliopata basari walichaguliwa vipi? Wakati huo nilikuwa nimesharudi Langoni, chuo nimekiacha kwa ajili ya karo, kwa hivyo sikuwa nauliza kwa niaba ya mtu. Jioni hiyo hiyo ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Hakuna tusi hata moja, adabu tupu, salamu mwanzo na salamu mwisho. Katikati ndipo palipokuwa na maneno: ukiendelea kuchafua majina ya watu utasomewa Halbadiri. Nikausoma mara tatu. Kufika saa nne usiku video haipo.

Kwa msio wa Pwani, Halbadiri ni kisomo. Wanatajwa waliopigana vita vya Badri pamoja na Mtume, na mtu aliyeibiwa au kudhulumiwa anaomba haki yake ijitokeze. Mimi ni mtoto wa madrasa, sitaki mtu anijie hapa akisema nakejeli kisomo. Sikejeli. Nasema hivi: mwenye malalamiko nilikuwa mimi, halafu nikatishwa kwa silaha ya mwenye malalamiko. Na nikatishika.

Sasa kitabu. Mwezi uliopita mgeni mmoja aliondoka akaacha riwaya kwenye nyumba ya wageni ninayoipigia picha. Wizard of the Crow ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kurasa zaidi ya 700, unaweza kuzuilia mlango siku ya kusi. Aliiandika kwanza kwa Kikuyu, Mũrogi wa Kagogo, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza ikatoka 2006. Mimi naiita Mchawi wa Kunguru, maana kila nikiisoma darini kuna kunguru wawili watatu ukutani wananitazama kama nawadai.

Nyinyi mnaokesha na hadithi za majoka na viti vya enzi, wallahi hii mmeipita tu kwa sababu Ngũgĩ mnamjua kwa mitihani. Nchi inaitwa Aburĩria. Mtawala hana hata jina, ni Mtawala tu, na anafika mahali mwili wake unavimba kama puto. Mawaziri wake wamesafiri hadi Ulaya kufanyiwa upasuaji: Machokali akaongezwa macho ili awaone maadui wa Mtawala, Sikiokuu akaongezwa masikio ili asikie wanavyonong'ona. Hayo majina hapa Langoni hayahitaji mfasiri. Shuleni tulisoma Kigogo ya Pauline Kea, mnamkumbuka Majoka wa Sagamoyo? Mtieni Majoka uchawi, mtapata picha.

Lakini ukurasa ulionikamata hauna Mtawala. Kuna kijana anaitwa Kamĩtĩ, msomi, digrii amezifuata mpaka India, kazi hana. Usiku mmoja polisi wanamkimbiza yeye na Nyawĩra, wanajificha ndani ya nyumba. Hana bunduki, hana wakili. Anachukua kipande cha boksi, anaandika kwamba nyumba hii ni ya mchawi, ukiigusa shauri yako, anakitundika nje pamoja na mifupa na takataka nyingine. Polisi anasoma, miguu inamwisha. Uchawi wote ni huo. Kesho yake polisi yule yule anarudi mwenyewe kutaka dawa ya kupanda cheo, na baada yake wanafuata wakubwa kwa foleni.

Nikakiweka kitabu chini. Nilikumbuka chupa ya babu.

Babu ana minazi michache shambani, nyuma ya mji. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na chupa imefungwa kitambaa chekundu kwenye mnazi wa kwanza ukiingia. Watoto wote tulijua kwamba ni fingo, limetoka Pemba, na ukipita na nazi isiyo yako tumbo litafura. Nazi za jirani zilikuwa zikienda usiku, za babu hazikuguswa. Mimi mjukuu wake nilikuwa nikipita hapo mbio. Nilipokuwa darasa la saba chupa ikapasuka, akanituma nikaokote vigae. Ndani mlikuwa na msumari na risiti ya saruji.

Nikamuuliza, babu, uganga uko wapi? Akanijibu: "Mwivi haogopi tupa, mwanangu. Yuwaogopa moyowe."

Kwa hivyo boksi la Kamĩtĩ na chupa ya babu ni kitu kimoja, ujanja wa asiye na nguvu. Ngũgĩ anakwenda mbele zaidi. Anaonyesha wenye nguvu nao wanaishi kwa chupa hiyo hiyo, tena yao ni kubwa. Tajirika, mfanyabiashara aliyejaa magunia ya hongo, anaugua mpaka neno linalomtoka ni "kama" tu. Yule aliyenitumia ujumbe sikumwona uso, hakunigusa, hakutumia hata shilingi ya soda. Alitundika boksi mlangoni kwangu, nikafanya kazi iliyobaki mwenyewe.

Na hapa hapa Lamu kuna watu walioupeleka mahakamani mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi, mradi mkubwa kuliko kijana yeyote na kamera yake, mpaka leseni ikafutwa 2019. Wale hawakufuta kitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Juzi nikamwambia babu habari ya ule ujumbe, mwaka mzima baadaye. Alikuwa anachambua tambuu. Akaniuliza kama uliandikwa jina chini. Nikasema hapana. Akaendelea na tambuu yake.

Video ninayo bado, dakika moja na sekunde arubaini. Naipandisha leo baada ya Isha. Mkono unatetemeka kidogo, sitawadanganya tena. Nimebadilisha kitu kimoja tu: ya kwanza nilikuwa nimeficha uso.