Pambo la samaki lisiwe sumu yao



Wote munajua lile sanduku la vioo la chumba cha biolojia. Sisi makapita wa mwaka wa sita njo tunalitunza. Samaki waliomo ni wa ziwa letu Tanganyika, wale wadogo wenye kukaa kati ya mawe karibu na kivuko. Siku hizi wadogo zetu wanaleta vitu vya kulipamba: mikebe yenye rangi, nyuzi za shaba, vipande vya chupa. Moyo wao ni mzuri. Lakini ziwani samaki akiona mayi mabaya anakimbia. Ndani ya vioo hana mlango wa kutokea. Kila kitu tunachotia mule, anakipumua usiku na mchana.

Kwa hiyo tunawapa mafundisho kidogo.

Kwanza, vitu vya kukataa. Shaba ni sumu kwa samaki, hata ikiwa kidogo. Bati lenye kupakwa zinki na mkebe wenye rangi pia hapana. Chupa iliyovunjika inakata mapezi. Na musioshe kitu na sabuni, juu sabuni inaharibu mashavu samaki wanayopumulia.

Pili, mawe. Ni mapambo bora, tena ni ya bure. Tia tone la ndimu ao siki: jiwe likitoa povu, lina chokaa. Samaki wa Tanganyika hawaogopi chokaa, kwani mayi ya ziwa hili ni ya alkali, kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Samaki wa mtoni wenye kuzoea mayi laini, wao chokaa inaweza kuwaumiza. Sugua jiwe na burashi, kisha limwagie mayi ya moto. Usilichemshe motoni, linaweza kupasuka na kukuumiza macho. Weka mawe makubwa chini kabisa kabla ya mchanga, maana samaki hawa wanachimba, na jiwe likianguka linavunja kioo ao linamponda samaki.

Tatu, nyungu ya udongo iliyochomwa vizuri, isiyo na rangi wala mafuta. Hata iliyovunjika inafaa, ukisaga makali yake juu ya jiwe. Ilaze kando, na tayari ni nyumba.

Ine, maganda matupu ya konokono. Yachemshe, yasafishe ndani. Kuna samaki wadogo wa Tanganyika wenye kutaga mayai ndani ya maganda kama hayo.

Vipande vya mti tunaviacha. Vinageuza mayi rangi ya chai na kuyavuta upande wa uchachu, nao samaki hawa hawauzoei.

Munaona, pambo si kwa macho yetu tu. Ndani ya sanduku lililo wazi, samaki mwenye nguvu anamfukuza mdogo mchana kutwa, anamkula mkia mpaka anakufa. Akipata pango la kujificha, anaishi.

Sisi, kisha mitihani ya Serikali, tutaondoka. Ufunguo wa chumba utabaki na wa mwaka wa tano. Tunawaomba: mbele ya kutia kitu mayini, musiulize kama kinapendeza. Muulize kama samaki ataweza kuishi nacho.