Iskandaria, Mji wa Mnara Usiokuwapo

Mgeni arudiye kutoka mji wa pwani huulizwa mambo matatu: umeona nini, umekula nini, umefanya nini. Kwa mji wa Iskandaria, ulioko Misri kwenye ufuko wa Bahari ya Kati, swali la kwanza ndilo gumu kuliko yote, kwani vitu viwili vilivyoupa mji huo sifa duniani havipo tena. Mnara wake umeanguka. Maktaba yake ya kale ilitoweka, na wanahistoria wangali wakibishana ilitoweka lini na kwa mkono wa nani. Aghalabu mgeni huenda Iskandaria kutazama mahali palipokuwa na kitu.

Tuanze na mnara, ambao hata jina lake kwa Kiarabu, manara, halitofautiani sana na letu. Ulijengwa katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, urefu wake ukapita mita 100, ukahesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Matetemeko ya ardhi yaliutikisa mara kwa mara, na lile la mwaka 1303 likauvunja vibaya. Ibn Battuta aliupitia mwaka 1326 akakuta upande wake mmoja umebomoka. Aliporejea mwaka 1349 alikuta umeharibika hata hapana njia ya kuufikia mlango wake. Baina ya ziara hizo mbili, mnamo mwaka 1331, msafiri huyo huyo alishukia Mombasa na Kilwa. Macho yaliyouona mnara ukifa ndiyo hayo hayo yaliyotuonea miji yetu ikiwa katika ustawi wake.

Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome pale pale uliposimama mnara, na ngome hiyo ingalipo. Mgeni hupanda ngazi zake, akachungulia katika matundu ya kuta nene, akaona maji yale yale yaliyoyameza mawe. Mwaka 1994 wapiga mbizi wakiongozwa na mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Yves Empereur, walianza kuyachunguza maelfu ya mawe na masanamu yaliyolala chini ya bahari hapo karibu. Sanamu moja kubwa ya mfalme iliyotolewa majini sasa imesimama mbele ya maktaba mpya, iliyofunguliwa mwaka 2002. Jengo hilo ni la duara, limeinama kuelekea baharini mithili ya jua linalochomoza, na ukuta wake wa mawe ya Aswan umechongwa herufi za maandishi ya mataifa mengi. Nilitembea kando ya ukuta huo taratibu, nikiweka kidole juu ya zile nilizozijua. Ni chache mno.

Ama kuhusu chakula, Iskandaria haimfichi mgeni kitu. Asubuhi watu hula ful, maharagwe yaliyochemshwa usiku kucha, yakatiwa mafuta, ndimu na bizari nyembamba, pamoja na mkate wa moto. Jioni huuzwa maini yaliyokatwa membamba na kukaangwa kwa thomu na pilipili, ambayo Wamisri wote huyajua kwa jina la mji huu. Lakini mtu wa pwani atakwenda Anfushi, penye soko la samaki. Unachagua samaki wako, anapimwa, unasema unamtaka wa kuoka au wa kukaanga, kisha unasubiri. Huletwa pamoja na wali wa sayadiya uliopikwa kwa vitunguu vilivyokaangwa hata vikawa vyeusi. Rangi yake itamdanganya Mzanzibari adhani ni pilau. Hakuna nazi. Hilo ulimi wangu haukuacha kulikumbuka.

Hapo hapo Anfushi, ufukweni, mafundi wangali wakiunda vyombo vya mbao. Nilisimama nao kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mahali penginepo. Mkuku umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za nyangumi, na fundi mmoja alikuwa akikalafati. Neno hilo nililitamka kwa sauti, naye akageuka akacheka, kwani na kwao ni hilo hilo.

Vitabu vya wageni humpeleka msafiri mpenda mashairi katika nyumba ya Constantine Cavafy, Mgiriki aliyezaliwa Iskandaria mwaka 1863 na kufia humo mwaka 1933. Ni vyema kwenda. Mtu huyu alikuwa karani katika ofisi ya umwagiliaji kwa miaka 30 hivi, akayachapa mashairi yake katika karatasi za kuwagawia marafiki, wala hakutoa diwani kamili ya kuuzwa madukani maishani mwake. Leo anasomwa duniani kote, na nyumba yake, iliyofanywa makumbusho, ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Kila mshairi wa kisiwani ambaye kazi zake zimo katika daftari chini ya mto atafarijika huko.

Lakini yuko karani mwingine katika mji huu, naye ndiye niliyemwendea. Kutoka soko la samaki ni mwendo mfupi mpaka uwanja wa misikiti. Msikiti mkubwa ni wa Abu al-Abbas al-Mursi, shekhe wa Shadhiliyya, aliyezaliwa Andalusi mwaka 1219 na kufariki Iskandaria mwaka 1287. Unaoukabili, mdogo zaidi, ni wa mwanafunzi wake, Imamu al-Busiri. Inasimuliwa kwamba al-Busiri alipooza nusu ya mwili, akatunga kasida ya kumsifu Mtume (S.A.W.), akamwota akimfunika joho lake, na alipoamka akawa mzima. Ndiyo Burda, na beti zake zimeandikwa katika kuta za msikiti wake. Kasida yake nyingine, Hamziyya, ambayo kila ubeti wake huishia kwa herufi hamza, ilitiwa katika Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, mstari wa Kiarabu ukifuatwa na wa Kiswahili, ikasomwa Lamu na kwingineko vizazi kwa vizazi.

Basi nilipoketi juu ya zulia la msikiti ule nilitambua kwamba, katika Iskandaria nzima, hiki ndicho kitu pekee ambacho sikuja kukitazama kama mgeni. Mnara ulioongoza majahazi haukuweza kujiongoza wenyewe katika miaka 1,700. Kasida ya mtu mmoja mgonjwa ilivuka jangwa na bahari mbili bila ya nahodha, ikafika Pate, ikavaa lugha yetu.

Sisemi haya ili tujisifu. Sisi nasi tulikuwa na jumba tuliloliita la ajabu, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka mchana kweupe na kuua watu. Tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia. Hata hivyo jiwe huweza kurudishwa juu ya jiwe ikipatikana fedha. Kiswahili cha Hamziyya ya Pate ni kizito; wazee huisoma wakajua wanachokisema, ilhali vijana wengi husikia sauti tu, maana ikapita juu ya vichwa vyao. Siku mzee wa mwisho atakapolifunga buku lake, hakutakuwa na wapiga mbizi wa kwenda kuyatoa maneno hayo majini. Na Iskandaria yenyewe haijasalimika: kando ya barabara yake ya pwani yamerundikwa matofali makubwa ya zege ili kuvunja mawimbi, kwani bahari inaendelea kudai.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaaliwa safari hiyo, anza kuitayarisha nyumbani. Mtafute mzee aliye karibu nawe, ujifunze kwake beti chache za Hamziyya ya Kiswahili, na umuulize maana ya kila neno. Ukishafika, panda ngomeni asubuhi kabla ya jua kuwa kali, ule samaki wako Anfushi adhuhuri, kisha baada ya sala ya alasiri uingie msikitini kwa al-Busiri na umsomee beti hizo kwa sauti ya chini. Hapatakiwi tikiti.