Kitunga kilichoachwa njiani: nilichojifunza katika duka la mdogo wangu

Siku nyingi nawaletea habari za barabara, za soko na za usalama. Leo nimeomba nafasi niwaeleze jambo la nyumbani kwangu. Linahusu biashara ya kwenye simu, na najua wengi wenu, hasa vijana na akina mama, mumeanza kuuza ama kununua kwa njia hiyo.

Mdogo wangu wa kike alikimbia Kiambi mwaka 2017, wakati mapigano kati ya Batwa na Baluba yalipokuwa makali katika jimbo letu la Tanganyika. Alifika Kalemie na watoto watatu na sufuria moja. Kwanza alikaa katika kambi ya wakimbizi wa ndani, kisha akapata chumba cha kupanga mjini. Alianza kwa kuuza sabuni na chumvi juu ya meza. Zamu yake ya likelemba ilipofika, akanunua vikwembe, kambambili, madaftari na mifuko ya shule. Mtoto wa mama yetu mkubwa, anayesoma Lubumbashi, akamfungulia duka kwenye intaneti.

Duka lenyewe ni kurasa za picha. Mtu anafungua kwa simu, anaona kikwembe, anabonyeza, na kikwembe kinaingia ndani ya kitunga chake. Si kitunga cha kusuka. Ni orodha ya vitu alivyochagua, lakini wanaita hivyo kwa sababu kinafanya kazi kama kikapu cha sokoni. Akimaliza kuchagua, anaandika jina, namba ya simu na mahali anapokaa, kisha analipa. Kabla hajalipa, hakuna kilichouzwa. Na mwenye duka anaviona vitunga vyote, vilivyolipwa na vile vilivyoachwa njiani.

Mwezi wa kwanza mdogo wangu aliona vitunga 40. Vilivyolipwa vilikuwa 11.

Alinipigia simu usiku, rezo ikikatika kila mara. «Yaya, watu wananichezea.» Nilimwelewa. Mtu akiweka kikwembe ndani ya kitunga, yeye alikuwa anakiondoa mezani na kukificha chini ya kitanda, akimngoja mwenyewe. Wateja wa mlangoni walikiulizia, akawaambia kimeshachukuliwa. Wiki mbili zilipita bila malipo. Feza ya likelemba ilikuwa imelala chini ya kitanda, na yeye alipaswa kuendelea kuchangia kila wiki ili wenzake nao wapate zamu zao.

Nikaanza kutafuta habari. Kule Denmark kuna kituo cha utafiti, Baymard Institute, ambacho kwa miaka mingi kimekusanya hesabu za maduka ya intaneti. Wanasema kwa wastani, katika vitunga 100, karibu 70 vinaachwa bila kulipwa. Ukiwatoa wale waliokuwa wanaangalia tu, sababu inayotajwa kuliko zote ni gharama zinazoongezwa mwishoni: usafirishaji, kodi na malipo mengine. Nilipomsomea mdogo wangu maneno hayo, alicheka kidogo. «Kumbe hata Wazungu wanaachiwa vitunga.» Lakini duka kubwa likiachiwa vitunga 70 linabaki na ghala lake. Yeye anabaki na deni.

Yule kijana wa Lubumbashi akamwambia dawa ipo. Maduka makubwa yana programu inayomtumia mtu ujumbe kumkumbusha kitunga chake. Wa kwanza baada ya saa moja, mwingine kesho yake, pengine wa tatu wenye bei iliyopunguzwa. Akamtengenezea. Ujumbe ulisema: «Kitunga chako kinakungoja! Kikwembe 1, madaftari 6, mfuko wa shule 1. Lipa leo!» Mdogo wangu, kwa uchungu aliokuwa nao, akaomba uende mara tatu kwa siku.

Hapo ndipo tulipokosea. Kuna mama mmoja anayekaa katika kambi nje ya mji. Simtaji jina. Hana simu, alikuwa ameazima ya jirani yake ili aangalie duka. Ujumbe ulipoingia, jirani aliusoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wanachota maji. Siku hizo watu walikuwa wanaandikwa kwa ajili ya msaada. Maneno yakaenea haraka: huyu ana feza ya kununua vikwembe, anaandikwa kwa sababu gani? Wengine walitaka jina lake lifutwe.

Mama yule alimpigia mdogo wangu kwa simu nyingine, akilia. Hakuwa na feza. Alikuwa ameweka vitu vya mtoto wake ndani ya kitunga ili ajue jumla ni ngapi, aanze kuweka kidogo kidogo mbele ya masomo kufunguliwa.

Mdogo wangu alifunga meza siku hiyo, akaenda kambini kwa mguu. Alimweleza kiongozi wa kambi na yule jirani kwamba ujumbe ulikuwa wake yeye, na kwamba mama hakununua kitu. Kiongozi alimsikia, na jina halikufutwa. Lakini mama yule aliendelea kutazamwa vibaya kwa siku nyingi, na yeye mwenyewe hakutaka tena kuongea na mdogo wangu.

Niliposikia hayo nilipanda pikipiki nikaenda Kalemie. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kusimamisha ujumbe wote. Kisha tukachukua orodha ya vitunga 29 vilivyoachwa, tukawatafuta wenyewe kwa simu, mmoja mmoja. Tulipatana kwamba hatutamwambia mtu «lipa». Kwanza tunahakikisha tunaongea na mwenyewe, kisha tunauliza neno moja tu: «Ulikwama wapi?» Tuliwapata watu 17. Walituambia mambo ambayo hatukuyafikiria.

Wengi walikwamia usafiri. Bei ya kambambili ilionekana tangu mwanzo, lakini bei ya kuzifikisha ilitokea mwishoni kabisa, mtu akiwa ameshashika simu alipe. Baba mmoja wa huku Kiambi alichagua kambambili za franka 8.000. Alipofika mwisho aliambiwa usafiri ni 12.000. «Nilifikiri mumeniibia,» alisema. Hatukumwibia, njia ndiyo ilivyo, hasa wakati wa mvua. Lakini tulikuwa tumemficha.

Wengine walikwamia malipo. Duka lilikuwa linaomba kadi ya benki kwanza, na njia ya simu ilikuwa imeandikwa chini kwa herufi ndogo, tena ya mtandao mmoja tu. Nani kwetu ana kadi ya benki? Wakenya wamelipana kwa M-Pesa tangu mwaka 2007, na hapa Kongo Vodacom iliileta mwaka 2012. Wengine wetu wako Airtel Money, wengine Orange Money. Mtu mwenye feza kwenye mtandao mmoja hawezi kulipa mahali panapojua mwingine tu, hata kama anataka.

Watu watatu walikatikiwa na rezo katikati ya kulipa. Hawakujua kama feza imeondoka ama haikuondoka, wakaogopa kurudia. Nasi hatukuwa tumeandika namba ya kupiga kuuliza.

Kuna mama aliyenijibu kwa neno lililonifanya ninyamaze. Duka lilimwomba barabara na namba ya nyumba, na halikukubali aendelee bila hiyo. «Baba, mimi nakaa kambini. Niandike namba gani?» Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu yangu. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa kambini bila namba, lakini hakuona kwamba duka lake linawafungia mlango watu wa kule alikotoka.

Na wengine, kama yule mama wa kwanza, walikuwa wanahesabu tu. Wanajaza kitunga ili wajue watafute ngapi. Wanangoja wauze muhogo, ama ndugu awatumie kitu. Hao hawakukataa kununua, siku yao tu haijafika.

Ndugu zangu, sisi watu wa Kiambi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Tulipokimbia, kuna walioacha ugali jikoni na nguo kwenye kamba. Mtu aliyepita baadaye angeweza kusema wenye nyumba hawakutaka tena vitu vyao. Sisi tunajua kilichotutoa. Basi mtu akiacha kitunga, tusianze kwa kumhukumu.

Tulibadilisha duka, na naeleza hapa kwa sababu wengine wenu mutaweza kufanya hivyo hivyo, hata kama munauzia kwa WhatsApp tu.

Bei ya usafiri sasa iko ukurasa wa kwanza, kwa kila mahali: Kalemie mjini, kambi za pembeni, Nyunzu, Manono, Kiambi. Mtu anajua jumla mbele ya kuchagua. Kwa Kiambi tunakusanya oda za watu kadhaa zije pamoja, na gharama wanagawana. Yule baba wa kambambili alikubali kungoja wiki mbili, akalipa usafiri wa franka 3.000 badala ya 12.000.

Mahali pa kuandika barabara na namba, sasa mtu anaandika alama anayoijua: soko, kanisa, shule, ama jina la kambi. Malipo ni kwa mitandao yote mitatu. Mwenye mashaka ndani ya mji analipa akishapokea mzigo. Namba ya mdogo wangu imeandikwa juu kabisa, na rezo ikikatika mtu anapiga ama anabipu, naye anaangalia kama feza imefika.

Vitu haviwekwi tena chini ya kitanda bila mwisho. Vinawekwa siku 3, na mteja anaambiwa hivyo tangu mwanzo. Zikipita, vinarudi mezani bila ugomvi.

Ujumbe wa kukumbusha bado upo, lakini ni mmoja tu, kesho yake, na unakwenda kwa yule aliyekubali kuupokea. Hautaji vitu wala bei, kwa kuwa simu moja kwetu inaweza kuwa ya nyumba tatu. Unasema tu: «Jambo. Kama ulikwama mahali, nipigie nikusaidie. Kama hutaki tena, niandikie HAPANA.» Chini kuna jina lake.

Kwa wanaohesabu, alifungua daftari. Mtu anaweka franka 1.000 ama 2.000 anapopata, inaandikwa mbele yake, na jumla ikitimia anachukua mzigo wake. Akibadili mawazo, anarudishiwa feza yake.

Katika vitunga 29 vya mwezi ule, 8 vilirudi vikalipwa. Si vingi. Lakini 8 hivyo vilimtosha kulipa likelemba na kuongeza katoni moja ya madaftari. Na miezi iliyofuata, vinavyoachwa vimepungua, ingawa havijaisha. Nafikiri havitaisha.

Nina neno pia kwa munaonunua. Kama hutaki tena kitu, sema. Muuzaji mdogo akiambiwa «hapana» anapata nafuu kuliko akinyamaziwa. Na muwe macho sana: wezi nao wanajua kuandika «mzigo wako unakungoja». Ujumbe ukikuomba umtumie mtu namba yako ya siri, huo ni wizi, hata kama unataja duka unalolijua. Namba ya siri unaibonyeza mwenyewe kwenye simu yako wakati wa kulipa. Haitumwi kwa mtu yeyote, hata kwa mdogo wangu.

Mbele ya kurudi Kiambi nilimuuliza habari za yule mama wa kambini. Kitunga chake kilikuwa kimefutwa pamoja na namba ya jirani, lakini mdogo wangu alikuwa ameweka pembeni madaftari 6 na mfuko mmoja wa shule. Nilimkumbusha sheria yake ya siku 3. Nikamwambia pia ampigie mama huyo amwambie.

«Hapana, yaya,» alisema. «Huyo nitamngoja bila kumwita.»

Ni mimi mwandishi wenu, kutoka Kiambi.