Nusura Niandike Uongo

Basi bwana, wasomaji wangu, nusura niingie kwenye aibu kubwa, na chanzo ni gari ya ami.

Ni Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini ya 4K, bado inatumia platini. Jumamosi moja tunapanda Masingini ikaanza kugonga, kelele kama misumari inatikiswa ndani ya kopo. Asubuhi yake nilikuwa nimejaza mafuta kwenye kituo kimoja mjini (jina nalihifadhi). Mie kichwani moja kwa moja: mafuta yamechakachuliwa! Usiku nikaandika habari nzima, kichwa chake na alama ya mshangao juu... ilibaki kuipeleka kwa mhariri tu.

Kesho yake nikapeleka gari kwa fundi mmoja mzee, Mwanakwerekwe. Hakuyanusa hata hayo mafuta. Aliuliza tu, "Mwanangu, platini kabadilisha nani?"

Nikanyamaza. Nilibadilisha mie, wiki iliyopita, mwanya nikaukisia kwa jicho.

Akanieleza kwa upole. Moto unataka muda kuenea ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, katika sehemu moja ya elfu ya sekunde krenki imeshageuka digrii 18! Ndiyo maana cheche huruka kabla pistoni haijafika juu. Ikichelewa, gari inakosa nguvu na kuchemka. Ikiwahi mno, joto na shinikizo vinazidi, na mafuta ambayo moto haujayafikia yanalipuka yenyewe. Ndiyo ile misumari yangu. Mwanya wangu ulikuwa mpana, platini ikafunguka mapema, cheche nayo ikawahi.

Akaurudisha mwanya kwa kile kipimo cha vibati vyembamba. Akachomoa mpira wa vakyumu wa distributa na kuuziba, akafunga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba moja. Halafu akalegeza boliti ya distributa, akaigeuza taratibu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mpaka alama ya kwenye puli ikakaa kwenye digrii zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Akakaza, akamulika tena, maana wakati wa kukaza huwa inasogea.

Tukapanda Masingini kwa mafuta yale yale. Kimya!

Habari niliifuta usiku ule ule. Ami anaisifu gari kwamba imekuwa nyepesi. Nani aliiharibu hajauliza, na mie sijamkumbusha.