Mashua Yetu na Viraka vya Waliotutangulia



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya malezi na masomo ya watoto wetu. Leo tunaomba ruhusa tuzungumzie mashua. Huenda mkatucheka, maana sisi ni watu wa Kiyovu, hapa Kigali, watu wa mlimani, na maji mengi tunayoyajua ni ya mvua inayoteremka barabarani mwezi wa nne. Lakini yaliyotufika yalitufundisha jambo, na elimu haifichwi.

Tulikuwa walimu wanne. Posho ya mwalimu wa madrasa mnaijua wenyewe, hatuna haja ya kuieleza. Zaidi ya hapo, paa la darasa la watoto wadogo lilikuwa linavuja na mabati mapya hayana bei ya sadaka ya Ijumaa moja. Tukakaa, tukashauriana, tukachanga laki mbili mbili faranga, na mwisho wake tukanunua mashua ya mbao Ziwa Kivu, upande wa Karongi, mji ambao wengi wetu bado tunauita Kibuye. Nia yetu ilikuwa ibebe mihogo, ndizi na abiria siku za soko, na pato lake lirudi madrasa. Tukawaahidi na watoto kwamba baada ya Idi tutawapeleka wakaone ziwa, na watapanda mashua yao wenyewe. Walivyofurahi, kila siku swali lilikuwa hilo hilo: "Ustadhi, Idi bado siku ngapi?"

Siku ya kununua tulisafiri kutoka Nyabugogo alfajiri. Tukaikuta mashua imevutwa pwani ya ziwa, imepakwa rangi ya buluu mpya kabisa, inang'aa. Tukaizunguka, tukaipigapiga kwa viganja kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, tukasema mashaallah. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini chombo cha zamani kimepakwa rangi wiki ile ile kinapouzwa. Tulilipa, tukaandikiana, tukaomba dua, tukarudi nyumbani.

Siku ya kwanza majini iliingia maji. Nahodha wetu, kijana wa pale pale, akatutuliza. Alisema mbao zikikaa nchi kavu husinyaa na kuacha nafasi, na zikirudi majini huvimba na kujibana zenyewe baada ya siku chache. Maneno hayo ni kweli, kila mwenye mashua atakwambia. Lakini wiki ya pili maji hayakupungua. Wiki ya tatu ikabidi mtu mmoja akae ngamani na upo mkononi, kazi yake kukumba maji tu tangu kuondoka mpaka kufika. Sisi tuliambiwa haya kwa simu, na tulijibu nini? Tulisema endeleeni kidogo, maana ni msimu wa mihogo na pato ni zuri. Tunaandika haya kwa aibu.

Alasiri moja mwenzetu mmoja alikuwa ndani ya mashua, pamoja na abiria saba, mmoja wao mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Upepo ukavuma, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, na chini karibu na mkuku kiraka kimoja kikafunguka. Maji yakaingia kama bomba lililopasuka. Nahodha akavua shati akaliziba pale, akalikanyaga kwa mguu, na magunia sita ya mihogo yakatupwa ziwani. Kivu si bwawa, ndugu zetu. Kina chake kinapita mita 450. Walifika ufukweni maji yakiwa magotini. Mwenzetu anasema kitu anachokikumbuka zaidi ni yule mama, hakupiga kelele hata mara moja, alikuwa anafungua kanga polepole ili mtoto awe mikononi na si mgongoni.

Sote tulikuwa tunaikumbuka ile ajali ya mwezi wa kumi mwaka wa 2024, pale chombo kilichotoka Minova kilipozama karibu kabisa na Goma na watu wengi wakafariki. Kule ilisemwa ni kujaza watu kupita kiasi. Kwetu mzigo haukuzidi. Kwetu ilikuwa ni viraka.

Tukamtafuta fundi. Tukaletewa mzee mmoja aliyekulia Kigoma na kujifunza kazi kwenye mashua za Tanganyika. Akaamuru mashua ipinduliwe, akachukua patasi, akaanza kubandua. Alipokuwa akifanya kazi alitusomesha, na sisi tuliozoea kusomesha tukakaa chini kama wanafunzi.

Chini ya rangi ya buluu kulikuwa na kipande cha bati kilichopigiliwa misumari. Chini ya bati kulikuwa na lami iliyochanganywa na mifuko ya plastiki. Chini ya lami kulikuwa na saruji, naam, saruji ya kujengea nyumba. Na chini ya saruji mbao yenyewe ilikuwa laini kama ugali, kidole kinaingia.

"Hapa wamepita watu watatu, Mwalimu," akasema. "Kila mmoja amemfunika mwenzake."

Akatueleza. Mbao ni kitu kinachopumua, huvimba na kusinyaa. Ndiyo maana mafundi tangu zamani hutia kalafati ya pamba: pamba husokotwa, ikashindiliwa katikati ya mbao mbili, na mbao zikivimba pamba hubanwa, hukubali. Saruji haikubali. Mbao ikivimba inasukumana na saruji, saruji inapasuka, na ule ufa unaweka maji ndani usiku na mchana. Bati nalo ni baya zaidi, kwa sababu linazuia maji yaliyokwisha kuingia yasitoke, na mbao inaoza gizani bila mtu kuona. Misumari ya kawaida ya chuma hupata kutu, ikavimba, ikapasua mbao pale pale ilipotakiwa kuishika. Na akatuambia jambo ambalo hatukulijua: maji ya chumvi huzuia kidogo kuoza kwa mbao, ila maji baridi ya ziwa hayana msaada huo. Watu wa pwani adui yao ni wadudu wanaotoboa mbao, ndiyo maana hupaka shahamu chini ya vyombo vyao. Sisi wa maziwa adui yetu ni uozo.

Tulimuuliza zamani walifanyaje kabla ya misumari. Akacheka, akasema babu zetu wa pwani walikuwa na mtepe, uliotengenezwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi. Kila mshono ulionekana, na ulipochakaa ulishonwa upya. Kitu kinachoonekana hakimdanganyi mtu.

Sasa tukafikiria haki yetu. Sisi ni walimu wa fiqhi, tunajua kuwa mnunuzi akigundua ila ya zamani iliyopunguza thamani ya kitu ana hiari ya kukirudisha. Tunajua pia kuwa muuzaji anayeijua ila ni wajibu aieleze, na kusema "nauza hivi hivi, hakirudishwi" hakumsafishi. Tukaenda kwa aliyetuuzia, tumekunja sura. Tukamkuta mtu mzima, amekaa kibarazani. Akatusikiliza, akainamisha kichwa, akasema, "Walimu wangu, bati nililikuta. Mimi nilipaka rangi tu." Pesa zetu zilikuwa zimekwenda hospitali kwa mkewe, na hakuwa na kitu mkononi.

Lakini hata kama angekuwa nazo, ilibidi tujihukumu wenyewe kwa kile tunachowasomesha watoto. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mwenye kugundua ila anatakiwa akirudishe kitu bila kuchelewa, na akiendelea kukitumia baada ya kujua, haki yake ya kurudisha inaanguka. Sisi tuliambiwa mashua inavuja, tukaitumia wiki tatu kwa tamaa ya mihogo. Tulirudi Kigali kimya. Basi zima hakuna aliyesema neno mpaka Muhanga.

Hapo ndipo shetani alipotuingia kwa mlango wa hesabu. Mwenzetu mmoja, Allah atusamehe sote, alisema: "Sisi pia tupigilie bati jipya, tupake rangi, tuuze. Ndivyo tulivyouziwa." Na tukae tuseme kweli, hakuna aliyemkemea. Tulisema tutafikiri. Fundi alikuwa ametaja mbao nne mpya, misumari ya mabati, pamba, na ujira wa siku kumi. Ilikuwa karibu nusu ya bei tuliyonunulia.

Wiki hiyo hiyo darasani tulikuwa katika kisa cha Musa (A.S.) na Khidhr, katika Suratul Kahf. Mnakijua: Khidhr aliiharibu mashua ya maskini waliofanya kazi baharini, na Musa akashangaa, kumbe mbele yao kulikuwa na mfalme anayepora kila mashua nzima, na ile ila ndiyo iliyowaokoa. Tukauliza swali tunalouliza kila mwaka, tumepata faida gani hapa? Tulitegemea jibu la kila mwaka, subira. Binti mmoja wa miaka kumi akanyosha mkono akasema, "Ustadhi, Khidhr alitoboa mbele ya macho ya Musa, hakuficha. Ingekuwa ameficha, wangezama."

Hatukuwa tumewaambia watoto lolote la mashua yetu. Tuliwaambia tu safari imeahirishwa. Tulisimama pale ubaoni, chaki mkononi, hatuna la kusema. Ila iliyo wazi iliwaokoa wale maskini. Ila iliyofichwa ingemzamisha mama na mwanawe, na sisi tulikuwa tunafikiria kuificha mara ya nne.

Tulitengeneza. Posho ya miezi miwili ilikwenda huko, na paa la darasa likasubiri msimu mwingine wa mvua, watoto wakihamisha mikeka kutoka kona moja kwenda nyingine. Fundi alitoa kila kitu kilichooza mpaka akafika kwenye mbao ngumu. Alisema kazi ngumu ya marekebisho ni kubandua kazi ya mwenzako, si kujenga. Wenye mashua waliopita kila mmoja alidhani ameziba ufa. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tunaongeza kwamba ukiuziba vibaya, utajenga ukuta na utauzika mtu ndani yake.

Halafu tukanunua daftari la kawaida la shule. Tumeandika humo mbao ipi imebadilishwa na tarehe gani, misumari gani, pamba ya wapi, na mahali pawili ambapo fundi alisema patazamwe tena baada ya mwaka. Mashua ikiuzwa, daftari litakwenda nayo, ndivyo tulivyoahidiana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainishiana, biashara yao hutiwa baraka, na wakifichana baraka huondoka.

Ndugu wasomaji, si wote mtanunua mashua. Lakini mtanunua pikipiki, friji, kiwanja, nyumba. Kwa hiyo tunausia haya machache:

1. Rangi mpya kwenye kitu cha zamani ni sababu ya kuuliza, si ya kufurahi.
2. Nenda na fundi wako mwenyewe kabla ya kulipa. Ujira wake wa siku moja ni mdogo kuliko hasara.
3. Mwulize muuzaji waziwazi: nini kimewahi kuharibika, na nani alitengeneza? Andikeni majibu.
4. Ukiona ila, simama hapo hapo. Usiseme "kidogo tu mpaka msimu uishe".
5. Ukitengeneza, bandua kwanza. Usiweke kizuri juu ya kibovu.
6. Ukiuza, eleza. Hata kama wewe hukuelezwa.

Yule aliyetuuzia tumemsamehe. Nahodha anamchukua bure mkewe akienda kliniki ng'ambo. Mashua inafanya kazi, maji yanayoingia ni ya kikombe kimoja tu, na Idi iliyofuata watoto walipanda, kumi kumi, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea. Yule binti aliuliza, "Ustadhi, iko wapi ile sehemu iliyokuwa mbovu?" Alikuwa amekwisha kusikia habari, maana watoto husikia yote. Tukamwonyesha. Mbao mpya bado rangi yake ni tofauti, maana tulimwambia fundi asiifunike.

Tunamuomba Allah atupe kipato cha halali, atusitiri aibu zetu na atupe ujasiri wa kuzieleza pale ambapo kuzificha ni kumdhuru mwingine. Amin.