Jiwe na Mahali pa Kukatikia

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Kwa mjuzi wa madini, kuvunjika ndiko mwanzo wa maarifa. Rangi humdanganya mtu upesi. Pale jiwe lilipomegeka, siri yake ya ndani hujitokeza.

Arusha, mji uliokaa chini ya Mlima Meru, una macho mengi yaliyozoea kutazama mawe. Kusini-mashariki yake, katika vilima vya Mirerani, tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, na mwaka 2018 Serikali ilimtukuza Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Samawati yake iliyochanganyika na urujuani imewapa walaghai kazi, kwani kioo cha rangi hiyo ni rahisi kupatikana.

Mwenye ujuzi hutafuta pengo dogo ukingoni mwa jiwe. Tanzanaiti ina uelekeo mmoja ambao chembe zake zimeshikana kwa udhaifu. Ikipasuka hapo huacha uso ulionyooka, wenye kumeremeta. Kioo hakina mpango huo. Kikivunjika huacha kidimbwi chenye mawimbi ya duara, mfano wa mgongo wa kombe aliyeokotwa ufukweni. Mtoto wa pwani angeutambua mchoro huo bila kufundishwa.

Hata hivyo, asiharakishe kuhukumu. Kwatsi nayo huvunjika kwa mawimbi hayo, na vivyo hivyo ganeti ya kijani itokayo vilima hivyo hivyo. Ulanga uliochimbwa Uluguru hubanduka mithili ya kurasa za kitabu. Na kinywe, kinachowapaka weusi wanaapolo wa Mirerani, huteleza tabaka juu ya tabaka. Kila jiwe lina kifo chake, nacho ni shahidi mmoja miongoni mwa mashahidi.

Uzito wa jambo upo hapa: nani atalivunja jiwe la thamani ili alijue? Mpasuko uitambulishao tanzanaiti ndio huohuo uwezao kuiangamiza. Pigo la kizembe au joto la ghafla hutosha kuligawa jiwe, na pamoja nalo jasho la miezi na karo ya watoto. Ndiyo maana mjuzi husoma jeraha lililokwisha kuwapo, wala haongezi jipya. Na mkata vito hulipima jiwe na kuutafuta uelekeo wake kabla hajaliweka kwenye gurudumu.

Meru nao ulisomeka hivyo. Ubavu wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na maziwa ya Momela yamelala juu ya kifusi chake. Ukuta wa kasoko uliobaki waonyesha matabaka ya lava na majivu ambayo mlima mzima ungeyaficha.

Wapenzi wa ushairi hawatalistaajabia jambo hili. Mshororo wa mizani 16 una mahali pake pa kupasukia, baina ya ukwapi na utao. Mghani akipumua hapo, kila kipande hubaki kizima na kina chake. Akiukata kwingine, maneno humegeka ovyo, na msikilizaji hubaki na vigae. Mkata vito na mghani wana adabu moja: kupajua mahali pa kukatia kabla ya kuanza kazi.