Ngozi ni Yangu, Sindano ni ya Nani?

Katika maswali yote niliyopata kuulizwa darasani, msomaji, liko moja ambalo nililicheka pale nilipopaswa kulijibu. Naliandika leo ili nilipe deni hilo, ingawa nimechelewa.

Tulikuwa katika kidato cha tatu, tukizungumza juu ya haki za mtu na mipaka ya sheria. Kijana mmoja mpole, asiye na desturi ya kusema sana, alisimama akasema: "Mwalimu, ngozi ni yangu. Nikitaka kuichora tatuu, serikali inaingiaje hapo? Huko Ulaya wachezaji wa mpira wamejichora mikono yote, na hapana anayewauliza." Wenzake walimpigia makofi. Mimi nilicheka, nikamwambia kwamba wino ni wa daftari, kisha kengele ikalia tukatawanyika.

Likizo ikaja, ikapita. Kijana yule alirudi shuleni amevaa sweta mchana wa jua kali. Nilipomtaka aivue, niliona mkono wake wa kushoto umevimba na unatoka usaha. Alikuwa amechorwa herufi moja, herufi ya kwanza ya jina la mama yake. Mchoraji alikuwa kijana mwenziwe, mahali penyewe chumba cha nyuma ya duka, na vifaa vyake sindano ya kushonea na wino wa kalamu.

Nilimpeleka kwa tabibu. Tabibu aliusafisha mkono, akampa dawa, kisha akamwuliza kwa sauti ya upole: "Sindano hiyo ilimchoma nani kabla yako?" Kijana hakujua. "Na wino huo una nini ndani yake?" Hakujua. "Aliyekuchora alikuuliza umri wako?" Kijana akainamisha kichwa.

Kwa kuwa hakujua, ilibidi damu yake ipimwe, na baada ya majuma kadhaa ipimwe tena, maana ugonjwa ulioingia leo huenda usionekane kesho. Mama yake alisafiri akaja. Siku ya kipimo cha pili tuliketi pamoja kwenye benchi nje ya mlango, wala hapana aliyekuwa na neno la kusema. Majibu yalikuwa mema. Lakini wakati wa kungoja nilijiuliza mara nyingi ingalikuwaje kama ningalilijibu swali lile siku lilipoulizwa.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za Ulaya, kwa kuwa kijana alikuwa ameitaja Ulaya. Nilikuta kwamba sisi sote darasani tulikuwa tumekosea. Huko tulikodhani kwamba hapana anayeulizwa, ndiko maswali matatu ya tabibu yalikoandikwa katika sheria.

Yafaa kwanza tujue tatuu ni kitu gani. Hina hupakwa juu ya ngozi, na baada ya siku kadhaa hufifia. Chale hukatwa kwa wembe, nazo huacha kovu. Tatuu ni rangi inayotiwa ndani ya ngozi kwa ncha ya sindano, kiasi cha milimita moja au mbili, chini ya ngozi ya juu ambayo hubanduka na kuota upya kila wakati. Mwili huiona rangi hiyo kuwa mgeni asiyealikwa, ukatuma askari wake, yaani seli zilizo na kazi ya kumeza vitu vigeni. Seli hizo huimeza rangi lakini haziwezi kuiyeyusha. Mwaka 1918 jambo hili halikujulikana. Mwaka 2018 wataalamu wa Marseille, nchini Ufaransa, walionyesha katika panya kwamba seli hizo zinapokufa, rangi huachwa huru, na seli mpya huimeza tena palepale. Hivyo mchoro hudumu. Walakini si rangi yote inayotulia mahali pake. Chembe nyingine husafiri hadi kwenye matezi ya mwili. Mwenye tatuu, basi, amebeba kitu ndani ya mwili wake, na si pambo la juu tu.

Sasa tulitazame swali la kwanza: sindano ilimchoma nani kabla yako? Sindano inayotoka katika ngozi hutoka na damu, na damu kidogo isiyoonekana kwa macho yatosha kubeba homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama, lakini hapa macho hayatoshi. Sindano chafu na sindano safi zaweza kung'aa sawasawa. Mteja hawezi kuitambua kwa kuitazama, na kwa sababu hiyo anahitaji mtu mwingine aliyeingia katika chumba kile kabla yake, akakagua.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1982 iliyozipa halmashauri za miji na wilaya uwezo wa kumwandikisha kila mchora tatuu pamoja na mahali pake pa kazi, na kuweka kanuni za usafi wa chumba, wa vifaa na wa fundi mwenyewe. Wales imekwenda mbele zaidi. Kwa sheria yake ya afya ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika katika jambo hili tarehe 29 Novemba 2024, mchora tatuu lazima awe na leseni, na chumba chake lazima kiwe na cheti cha kukubaliwa. Kabla ya kupata leseni hujifunza namna ya kuzuia maambukizo. Tena hana ruhusa ya kumchora mtu anayeonekana amelewa, kwa maana mlevi hawezi kutoa ridhaa ya kweli.

Ufaransa ilitoa amri yake mwaka 2008. Fundi hupaswa kuiarifu mamlaka ya afya ya mkoa wake, na kuhudhuria mafunzo ya usafi yasiyopungua saa 21. Kila kinachotoboa ngozi hutumika mara moja kikatupwa, au kama ni cha kutumika tena, husafishwa na kuuawa vijidudu kabla ya mteja mwingine kukaribia. Kuua vijidudu si kuchemsha maji katika sufuria. Baadhi ya vijidudu hujifunika gamba gumu lisiloshindwa na maji yachemkayo. Hutumiwa chombo kinachofungwa barabara, chenye mvuke wa shinikizo kubwa, joto lifike nyuzi 121 na kukaa hapo dakika 15. Mwaka 2020 kamati ya Ulaya ya viwango ilikusanya mambo kama haya ya usafi katika waraka mmoja, ili nchi na mafundi wapate kipimo cha pamoja cha kujipimia.

Swali la pili ni la wino. Kwa muda mrefu hili lilisahauliwa. Watu walichunga sindano, wakasahau kilichopita katika sindano. Baraza la Ulaya lilitoa maazimio mwaka 2003 na tena mwaka 2008, likieleza vitu visivyofaa kutiwa katika wino wa tatuu, lakini azimio ni shauri, na shauri halina kiboko. Ujerumani ililigeuza shauri kuwa sheria yake mwaka 2008. Baadaye Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni moja kwa nchi zake zote. Kanuni hiyo ilipitishwa Desemba 2020, ikaanza kushika tarehe 4 Januari 2022. Vitu vilivyokatazwa au kuwekewa kipimo ni maelfu: miongoni mwavyo risasi, aseniki, nikeli, na rangi ambazo zikivunjika hutoa kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani. Uingereza haimo katika kanuni hiyo, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kutoka katika Umoja huo.

Ndani ya kanuni hiyo mna jambo moja lililonigusa kuliko yote. Chupa ya wino lazima iandikwe kwamba imetengenezwa kwa ajili ya tatuu, iwe na namba ya kundi ilimotoka, na orodha ya vilivyomo. Wino usio na maandishi hayo haufai kutumika katika ngozi ya mtu. Na kabla ya kuanza kazi, fundi hupaswa kumpa mteja maelezo yaliyo juu ya chupa. Niliposoma hayo nilikumbuka wino wa kalamu uliomwagwa katika mkono wa mwanafunzi wangu. Ulikuwa wino halali kabisa, kwenye karatasi.

Usidhani kwamba mafundi wote waliishangilia kanuni hii. Wengi walilalamika, hasa kwa sababu ya rangi mbili, moja ya buluu na moja ya kijani, zilizotumika sana katika michoro na ambazo hazikuwa na badala iliyo tayari. Hizo zilipewa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 4 Januari 2023. Mafundi walisema kwamba hatari yake haijathibitishwa. Watunga kanuni wakasema kwamba usalama wake ndio haujathibitishwa. Hapo, msomaji, watu wawili wema waweza kupingana. Mimi nimeelemea upande wa pili, maana rangi ikiisha kuingia mwilini haitoki kwa kuomba radhi.

Swali la tatu ni la umri, nalo ndilo linalokuhusu wewe usomaye kitabu hiki ukiwa shuleni. Uingereza ilikataza tangu mwaka 1969 kumchora tatuu mtu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu ya tiba na kwa mkono au usimamizi wa daktari. Ruhusa ya mzazi haibadilishi neno. Ufaransa ni laini zaidi: kijana aweza kuchorwa, lakini kwa idhini ya mzazi au mlezi iliyoandikwa. Denmark ilitangulia mwaka 1966, ikakataza kuwachora walio chini ya miaka 18, na kukataza pia kuchora kichwa, shingo na vitanga vya mikono hata kwa mtu mzima. Usiseme kwamba watu wa Denmark waliichukia tatuu. Mfalme wao wa zama hizo, Frederik wa Tisa, aliyehudumu katika jeshi la wanamaji kabla ya kutawala, alikuwa na tatuu mwilini mwake. Nchi iliyokuwa na mfalme mwenye tatuu ndiyo iliyowaambia vijana: ngojeni kwanza.

Tena tazama ni nani anayeshtakiwa. Sheria ya Uingereza humwadhibu mchoraji, wala si mtoto aliyechorwa. Darasani kwetu tuliizungumza sheria kana kwamba ni askari anayemvizia kijana. Kumbe ilikuwa imesimama baina ya kijana na mtu mzima anayetaka fedha zake.

Sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba Ulaya mambo yote yamekamilika. Nchi hazilingani. Ujerumani ni kali juu ya wino, lakini haimtaki mchora tatuu awe na cheti cha kujifunza ufundi wake. Na katika kila nchi wako wanaochora jikoni kwao, gizani, bila ya kuandikishwa. Sheria ni ukuta mzuri, lakini haimfai apitaye nje ya ukuta.

Wala sisi hatuko mbali na jambo hili. Katika pwani yetu mabibi harusi hupambwa kwa hina, na wengine huongezewa piko ili pambo liwe jeusi. Hina halisi haina weusi huo. Weusi hutoka katika rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo yaweza kuleta malengelenge na mzio wa maisha. Katika Umoja wa Ulaya kemikali hiyo huruhusiwa katika rangi ya nywele, isizidi kipimo cha asilimia 2 inapopakwa, wala hairuhusiwi kupakwa katika ngozi. Basi hata anayepambwa kwa furaha ya arusi ana haki ya kuuliza: rangi hii ina nini?

Kijana wangu alipona. Kovu limeifunika ile herufi hata haisomeki tena, na mama yake, alipoionyeshwa, hakumkemea. Aliushika ule mkono tu. Siku moja baadaye niliwaomba radhi wanafunzi wote wa darasa lile kwa kicheko changu, nikalijibu swali kwa jibu ninalokupa wewe sasa.

Ngozi ni yako, hilo ni kweli, wala sheria nilizozisoma hazikuuliza kama mchoro ni mzuri au mbaya. Lakini sindano si yako. Ni ya mtu mwingine, na huenda imetoka kwa mtu mwingine bado. Wino si wako. Umetengenezwa na mkono usioujua. Hapo ndipo serikali inapoingia, kwa kuwa hapo ndipo macho yako yanapokoma. Ukiisha kuwa mtu mzima, nawe ukataka kuchorwa, shauri ni lako. Ila uliza maswali matatu ya tabibu kabla ya kukunja mkono wa shati. Asiyeweza kukujibu, mwage kwa heri uende zako. Na kama wewe ni mwalimu kama mimi, usilicheke swali la mtoto. Huenda ameshakwisha kuahidiana na mwenye sindano.